Kiti cha Tatu

Ofisini kwa Profesa Arlys Haugen viti vilikuwa vitatu:
kimoja chake, kimoja cha mgeni,
na kimoja hakikaliwi.
"Hicho ni cha yule tunayemsema," alituambia,
"ili tuchunge ndimi."

Nilicheka. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili,
mjukuu wa mchimba chuma wa Hibbing,
nimeteremka Duluth na daftari jipya
nikidhani huruma husomewa, mtu akahitimu.

Insha yangu ya kwanza ilirudi imechakaa.
Nilipoandika "mteja alikataa msaada"
alipiga mstari kwa kalamu ya risasi, akauliza pembeni:
Msaada upi? Aliuchagua nani?
Nikanuna wiki nzima.
Karatasi ninayo mpaka leo.

Miaka tisa aliongoza idara.
Alivichukia vikao na hakukosa hata kimoja.
Siku walipotaka kufuta ruzuku ya wanafunzi wenye watoto
alikaa, viatu vyake vya theluji vikivuja zuliani,
akasoma majina, kumi na saba,
polepole, kama mtu anayehesabu chenji,
kisha akasema, "Haya, nyosheni mikono."
Mikono ikawa mizito.

Si kila mara alishinda. Mwaka uliofuata
walifunga kliniki ya magharibi mwa mji,
nami nilimwona garini, injini inanguruma,
haendi popote.

Alhamisi jioni hakuwa profesa wala mkuu wa mtu.
Alishuka mteremko hadi chumba kimoja juu ya duka la rangi,
akasikiliza watu mpaka saa tatu usiku.
Baharia mmoja wa meli za madini
alikuja wiki kumi na moja, hakufungua kinywa.
Ya kumi na mbili akasema, "Bomba lako la joto linagonga,"
akavua koti, akalitengeneza.
Profesa alitusimulia hayo darasani, jina akalimeza.
Tukashika kalamu, tukingoja funzo.
Akafuta ubao.

Mei hii anastaafu. Ziwani bado kuna mapande ya barafu.
Nilikwenda kumfungia vitabu;
vidole vyake siku hizi havitulii.
Majalada yote ya wagonjwa aliyapeleka kwenye mashine ya kuchana,
akasimama hapo hadi ukanda wa mwisho.
"Siri za watu si pensheni yangu."

Halafu, bila kunitazama: "Kile kiti, kichukue."

Ngazi nne. Kilinigonga goti mara mbili.
Butini hakikuenea; nikakifunga kwa kamba,
nikaendesha taratibu kama niliyebeba mgonjwa
hadi kwenye makazi ninakokesha kazini.

Saa nane usiku mwanamke akaingia
na mtoto, na mfuko wa plastiki,
theluji ya mwisho mabegani.
Akakitazama, kamba bado ipo mguuni,
akauliza kama kina mwenyewe.

Kinaye, nikasema.
Keti.