Nyuzi Hamsini na Saba

Saa tisa za usiku kompyuta yamaliza kuhesabu
na Mombasa yanijia ikiwa imekatwa miraba,
kilomita nne kwa nne, kama mkeka
uliosukwa na mtu asiyewahi kulalia mkeka.

Mraba wa Makupa una maji huku na huku.
Modeli imepiga hesabu, ikaona maji ni mengi,
ikaamua: hii ni bahari.
Basi barabara yangu, na matrela yake, na vumbi lake la klinka,
kwa mujibu wa hesabu imezama tangu mwaka juzi
na joto lake halizidi la samaki.

Nami huiopoa kila alfajiri.
Naongeza jua, naongeza weusi wa lami,
napunguza upepo uliozibwa na ukuta wa kontena,
nakoroga, naonja, kama mpishi wa shughuli,
kisha naandika: Kibarani, saa nane mchana,
uso wa barabara nyuzi hamsini na saba. Kavu.
Malori mazito yangoje jua lipungue makali.

Yangoje wapi? Hakuna aliyeuliza.
Bandari haisubiri lami ipoe.
Magurudumu kumi na nane, tena kumi na nane,
na lami inakunjamana pembeni kama utandu wa maziwa.

Pale inapokunjamana ndipo asimamapo Nyevu Kazungu
na kibao chake: huku chekundu, huku kijani.
Jina lake lilinichekesha siku ya kwanza.
Kwenye jedwali langu nina safu ya unyevu,
asilimia sabini na nane, themanini na moja;
haina champali zilizounganishwa kwa waya,
wala haitemi mate kando ikipigiwa honi.

Nilikwenda kutoboa tundu la kihisi,
kidude sawa na kidole gumba, cha kuzikwa kwenye lami.
Akaniuliza kitafanya nini. Nikamwambia.
Akavua champali, akakanyaga, akahesabu kimoyomoyo,
akainua mguu alipofika sita.
"Jana nilifika nane," akasema. "Leo pamezidi."
Kihisi kilisoma hamsini na tisa.
Mimi nilikuwa nimetangaza hamsini na saba.
Sikumwambia.

Halafu ile Jumanne ya mwisho wa kiangazi.
Niliandika kavu. Miraba yote ilisema kavu.
Wingu lenyewe halikutimia hata robo ya mraba,
likapenya matundu ya hesabu zangu
kama dagaa kwenye jarife.

Rasharasha tu, dakika sita.
Lakini miezi mitatu ya dizeli,
ya mafuta ya breki, ya mpira uliosagika,
ilikuwa imelala pale ikivizia tone,
na tone la kwanza halioshi. Hutelezesha.

Nyevu alisikia harufu kabla ya tone.
Akageuza kibao, chekundu, akakishikilia juu
huku madereva wakimtukania ukoo mzima.
Trela la ngano lilipokanyaga breki mteremkoni
lilikuja kiubavuubavu, bila haraka, kama kaa,
likakoma hatua nne kutoka aliposimama,
na mbele yake peupe: hapana gari, hapana mtu.
Gunia moja lilipasuka. Njiwa walifika kabla ya polisi.

Kwenye daftari la makosa nimeandika:
joto, nyuzi mbili. Hali ya uso, neno moja.
Neno moja.

Sasa nimeongeza kigezo kipya kwenye modeli:
siku zilizopita bila mvua, mara idadi ya matrela.
Nimekipa jina lake, kwa herufi ndogo.
Nilipomweleza alifuta jasho kwa ncha ya leso,
akaruhusu magari kumi na moja, akayazuia mengine.
"Kwa hiyo na huko nafanya kazi?"
Kwa namna fulani, nikasema, ndiyo.
"Hata usiku?"
Hata usiku.
"Na wanalipa lini?"