Mkasi na Hatamu

Mimi ni saisi tu. Nafunga tandiko, nakaza mkanda wa tumbo,
nachokoa vijiwe vya matumbawe kwenye kwato,
nanunua karoti za Kongowea zilizovunjika, za bei ya kutupa.
Lakini kuna jambo nilijualo ambalo mwenye farasi halijui:
Zari si mkaidi.

Mara tatu jana alisimama mbele ya lile gongo
tulilolilaza juu ya mapipa mawili, nyuma ya mivinje ya Nyali.
Gongo lenyewe halinifiki kiunoni.
Mara tatu alikuja mbio, shingo mbele, mchanga ukiruka,
na mara tatu akapiga breki
kama tuktuk iliyoona askari.

Mwenye farasi akasema, "Auzwe."
Thureya, juu ya tandiko, hakusema kitu.
Alikuwa akijifuta viganja kwenye suruali.
Wenzangu walitazama jasho la farasi. Mimi niliona lile.

Mdomo wake ulisema twende.
Magoti yake yalisema ngoja.
Vidole vilikuwa bado kule Januari, siku aliyoanguka,
vimeng'ang'ania hatamu kama ukingo wa kisima.
Wahenga walisema mpanda farasi wawili hupasuka msamba;
hawakusema kwamba wa pili
aweza kuwa mle mle kifuani, hana kwato,
na ndiye mwenye nguvu.

Inzi akitua mgongoni, Zari humjua.
Wewe na pumzi yako iliyokwama
utajificha wapi?

Leo asubuhi nilivuka daraja hadi Mtaa wa Biashara
kumpelekea kofia ya kupandia aliyoisahau.
Nikamkuta dukani, jora la hariri limetandazwa mezani,
hariri ya bibi harusi wa Kuze, rangi ya samli,
na mama mtu kasimama pembeni, akiilinda kwa macho.
Thureya akatia mkasi.
Hakuutazama mkasi. Alitazama mwisho wa kitambaa,
kule utakakotokea,
na hariri ikafunguka, krrrr, mstari mmoja.
"Huogopi?"
Akacheka. "Ukisita katikati, Chengo, hukata meno meno."

Nikaiweka kofia juu ya cherehani.
"Basi jioni njoo na mkono huo."

Akaja, nyuzi bado zimemganda kwenye mkono wa shati.
Akazunguka uwanja kwa matiti, mara moja, mara mbili,
midomo ikimcheza; nadhani alikuwa akihesabu inchi.
Akageuza.
Macho hayakwenda kwenye gongo.
Yalikwenda nyuma yake, kwenye tangi la maji la shule,
na Zari, kabla kisigino hakijamgusa,
akatega masikio kuko huko.

Krrrr.

Sikuona kwato zikiondoka. Niliona kivuli kikipita,
na gongo limelala mahali pake, halina habari.

Sitadanganya: duru ya pili walilibwaga.
Ya tatu Zari alisita, akaruka upande,
na Thureya akamkumbatia shingo
kama shangazi aliyerudi Maka,
akicheka mpaka machozi.
Mwenye farasi hakuwapo. Kesho nikimsimulia
ataniuliza nimemlisha nini.

Walipoondoka wote nilibaki naye.
Miaka sita sijapanda. Watu hudhani ni adabu ya kazi,
nami huwaacha wadhani.
Kabla sijamvua tandiko nilitia mguu kwenye kikuku,
kuujaribu mkanda, nilijiambia,
mkanda nilioukaza mwenyewe.

Zari hakusogea.
Aligeuza sikio moja,
moja tu,
likanijia taratibu
likangoja.