Inchi Saba na Nusu

Mimi ndiye niliyeshika wembe.
Chicago, Februari, sitini na sita,
bomba la joto limepasuka, tunarekodi na makoti mwilini,
na Odessa Pruitt kavua viatu
kwa sababu, alisema, kisigino kirefu hudanganya sauti.

Aliimba mara moja tu.
Ubeti wa pili, kabla ya neno "rudi",
sauti ikafanya magaga, ikapasuka.
Thurlow wa besi akasahau noti yake.
Mshale wa mita ukaruka mpaka kwenye wekundu
nami sikuushusha.

Bwana Cleophus Dandridge, mwenye kampuni,
mtoto wa wachuma pamba wa Mississippi,
alisikiliza mara mbili, kofia magotini.
"Hii," akasema, "itauzwa Mtaa wa Arobaini na Saba.
Kwa vinyozi, kwenye baa,
kwa mama wa kwaya anayesikiliza kwa siri.
Mimi nataka iuzwe kule nisikoruhusiwa kununua nyumba.
Toa huo ufa. Leta violini."

Utepe ulikwenda inchi kumi na tano kwa sekunde.
Kilio chake kilikuwa nusu sekunde.
Piga hesabu.
Nikakata, nikaunga kwa plasta nyeupe,
na kipande nikakitia kwenye kopo la tumbaku.

Alhamisi wakaja wapiga violini wanane wa okestra,
skafu shingoni, macho kwenye karatasi.
Mmoja aliuliza choo kiko wapi.
Wimbo ulihusu nini, hakuna aliyeuliza.

Ukapanda. Kufikia Julai
vijana wa Winnetka walibusiana ndani yake,
kwenye magari yasiyo na paa.
Dandridge akanunua nyumba, ingawa si kule.
Thurlow hakunisemesha mwaka mzima:
"Umemnyoa dada yetu," alisema, "bila hata maji."

Nililibeba lile kopo miaka thelathini na moja,
mke akaja, mke akaondoka,
kama mtu anayeficha jino la marehemu.
Nilijiambia: humu ndimo alimo. Kule nje ni sukari tu.
Wakaja wakusanya santuri kutoka London, pesa mkononi,
wakitaka "ile halisi".
Nikawaambia iliungua.

Mwishowe nikaendesha gari hadi Gary, kumrudishia.
Alikuwa jikoni anamenya njegere, televisheni bila sauti.
Nikafungua kopo. Nikaungama.
Akacheka mpaka njegere zikamwagika.

"Leland, kilio kile nilifundishwa na shangazi Zerlene.
Alikitoa kila Jumapili, sahani ya sadaka ikikaribia.
Nilikiweza na njaa, nilikiweza nimeshiba,
ungeniamsha usiku ningekutolea.
Lakini violini!
Nilikuwa na miaka tisa, nasugua ngazi za daktari huko Evanston,
mlango ukaachwa wazi kidogo, gramafoni ikilia ndani.
Nilisimama na brashi mpaka maji yakapoa ndooni.
Siku mliyonichezea wimbo wangu nazo zikiwemo
nilijifungia chooni, nikalia peke yangu.
Hayo hukuyarekodi."

Labda alinihurumia tu.
Watu wa jukwaani hujua kumtua mtu mzigo.
Nilimtazama usoni kutafuta mahali pa kuunga
sikupaona.

Akachukua utepe, akaunyoosha dhidi ya dirisha, kahawia,
mwepesi kama ganda la kitunguu,
akaenda nao kwenye mche wa nyanya uliolala kando ya sinki
akaufungia kijiti.
Alipoinama kukaza fundo goti likamuuma,
akatoa sauti, ndogo, haina ubeti,
haina mnunuzi.

Mkono wangu, wenyewe,
ukapapasa mezani kutafuta kitufe.