Mchanga Kilo Kumi na Tisa

Basi la usiku liliingia Arua saa kumi na mbili na robo,
mzigo wangu ukashushwa na watu wawili.
Nikafurahi. Overloki ni nzito, nikasema,
chuma cha kweli hakibebwi na mmoja.

Laki nne na nusu: sare za watoto thelathini na wanne,
marinda ya sketi, vifungo vya kola,
macho yangu yaliyounguzwa na taa ya sola
muhula mzima.

Nilikata kamba mbele ya wateja, maana nilitaka waone.
Ndani ya boksi, gunia dogo.
Ndani ya gunia, kaveera nyeusi.
Ndani ya kaveera, mchanga.
Mchanga mzuri, uliochekechwa, wa kupigia lipu.
Candiru akacheka, akaniomba radhi,
kisha akacheka tena.

Nikapiga namba ya muuzaji. Haipatikani.
Polisi wakaomba mafuta ya pikipiki;
nikawaambia Kampala ni mbali kwa pikipiki.
Kampuni ya simu ikanipigia muziki dakika kumi na moja,
halafu msichana mwenye sauti ya asali akasema
pesa ilishatolewa, mama, siku ileile, Ndeeba.

Mwanangu Onzima akasema: ukishaliwa, umeliwa.

Usiku nikalivuta gunia chini ya taa
niumwage mchanga, nipate japo gunia.
Ndipo nikauona mshono.

Sikilizeni, nimeshona miaka ishirini na sita.
Mdomo ule haukufungwa na mwizi.
Ulishonwa kwa sindano ya mkono, uzi mara mbili,
kila hatua sawa na nduguye,
na fundo limelalia upande usiotarajiwa,
fundo la mtu wa mkono wa kushoto, mtu mzima,
anayeona aibu kazi yake ikifumuka njiani.

Nikaiandikia ile namba iliyokufa. Sikutukana.
"Kijana, mashine sikuiona. Lakini nani
alishona gunia hili? Mwambie fundi wa Arua anamsalimu.
Mwambie mkono wake wa kushoto unajua kazi."

Siku nne, kimya.
Ya tano simu ikaita. Mwanamke, sauti kavu,
Kiswahili chake kimetiwa Kiganda:
"Nnyabo, mwenye mkono wa kushoto ni mimi.
Aliniambia mchele, wa kupeleka kwa wakwe.
Mimi nilishona mdomo tu."
Nyuma yake mtu akakohoa,
hakusema neno.
Kisha salio lake likakatika.

Jumamosi simu ikatetemeka juu ya meza ya kukatia:
laki nne na nusu kamili,
na ya kutolea juu yake.

Hiyo ya kutolea ndiyo inayoninyima usingizi.
Mwizi hakumbuki ya kutolea.
Aliuza nini yule mama? Kuku? Kitanda?
Isiwe cherehani.
Nimempigia mara mbili, hapokei.

Mchanga nimempa jirani anayejenga choo.
Gunia ninalo, natilia mabaki ya vitambaa.
Nilifumua kiasi cha mkono kupita;
fundo lake sijaligusa.