Mkono wa Kike

Kwetu Mtoni Mtongani, mkono wa kushoto
wazee waliuita mkono wa kike.
Sikuwahi kulifikiria neno hilo
mpaka asubuhi ile Mwinshehe alipouokota wake
chini ya shuka, akaniuliza:
huu wa nani?

Wako, nikasema.
Hapana. Wangu ninao, huu hapa.

Macho hayana kasoro. Elinaike wa Temeke
ameyapima mara mbili.
"Si jicho, mama. Kiharusi kimepiga ubongo wa kulia,
nao umeacha kuulizia upande wa pili."
Kuulizia! Nalipenda neno hilo
kuliko majina yaliyomo kwenye faili.
Kama ndugu aliyehama: hajafa, hakugombana na mtu,
ila hakuna anayemtaja wakati wa kula.

Akapewa karatasi achore saa.
Akachora duara safi, duara la fundi
aliyeandika mabango miaka thelathini na moja
kutoka Keko hadi Mbagala.
Akaweka kumi na mbili, moja, mbili, mpaka sita,
akalaza penseli. Tayari.

Nikaisoma kwa hesabu yetu:
adhuhuri ipo, alasiri ipo, magharibi ipo.
Saa moja hakuna, saa mbili hakuna,
saa tatu ya chai hakuna.
Mume wangu hana tena asubuhi.

Ubwabwa anakula nusu sahani,
kisha ananung'unika: maharage je?
Naizungusha sahani. Anakula tena,
anashukuru, kama aliyefika nyumba ya pili.

Mimi hulala kushoto kwake tangu tuoane.
Wiki ile ya kwanza nilimwita kutoka upande wangu
naye akamwuliza mtoto: mama yako siku hizi yuko wapi?
Shemeji akashauri kitanda kigeuzwe, yaishe.
Elinaike akakataa.
Kaa hapo hapo. Usimfuate aliko, mvute.

Maneno yetu hubeba mzigo kichwani:
nani, lini, na ile hapana.
Huko ndiko kunakomezwa.
Ukutani kwa fundi baiskeli, USIKOJOE HAPA,
kazi yake mwenyewe,
yeye anasoma "kojoe hapa", anacheka mpaka machozi.
Faini 50,000 imebaki sifuri tupu.
Na kwa marehemu kaka yake, NYUMBA HII HAIUZWI,
rangi nyekundu niliyoichanganya mimi,
anasoma: uzwi.
Sikucheka hapo. Kuna wapwa wanaosoma hivyo hivyo
na vichwa vyao ni vizima.

Kila siku, saa moja asubuhi (hiyo isiyokuwepo),
nabandika utepe mwekundu ukingo wa kushoto wa gazeti.
Tafuta wekundu kwanza. Usisome kabla hujafika.
Jicho linakwenda kama mtu anayevuka Barabara ya Kilwa:
linatoka, linasita katikati, linarudi.
Kuna siku linafika.
Kuna siku ananitupia gazeti, eti nimemletea lililochanika.

Walimvisha pia miwani inayosogeza dunia.
Akanyoosha kidole agusе kalamu, akakosa,
akakosa, kidole kikajifunza.
Alipoivua aligeuka akaniona.
"Umekaa hapo muda mrefu?"
Elinaike aliandika zilikuwa dakika ngapi.
Mimi sikuzihesabu.

Jana muuza sabuni ameleta kibao, kwa huruma tu,
kiandikwe HATUKOPESHI.
Nikachora mstari mwekundu pembeni, nikashika kopo.
Akaandika TUKOPESHI, herufi nzuri, zimenyooka.
Akakitazama mpaka brashi ikaanza kukauka.
"Hapa kuna kitu hakipo," akasema.
"Sijui ni upande gani."

Nilimpigia Elinaike.
"Kasema mwenyewe? Hukumwambia?"
Sikumwambia.
Akanyamaza, kisha nikasikia anatafuta kalamu.

Kibao kiko barazani, kinakauka.
Nafasi ya HA nimeiacha wazi.