Nukta Nane

Saa sita usiku, Kiboriloni. Umeme umerudi,
na feni ya kompyuta inakoroma kama mtu
aliyelala akiwa na kinyongo.
Mstari wa kumi na nne bado mwekundu.

Jana, nikiwa na akili ya asubuhi,
niliandika mbinu moja, nikaiita lipa.
Inataka vitu viwili mlangoni:
jina, halafu kilo, na kilo iwe namba kamili.
Leo ninaipelekea kilo mbele, jina nyuma,
nayo inanirudisha: hoja haziendani.

Hoja. Nimelipenda neno hilo hata linaponitukana.
Kwetu hoja hujibiwa kwa hoja;
huku hoja ya kweli kabisa
hufukuzwa kwa kukaa kiti kisicho chake.

Sawa. Nikageuza, jina mbele.
Bado nyekundu.
Nikakodoa macho mpaka yakawasha:
kumbe kilo nimeifunga kwa alama za kunukuu,
"17.8", kama maneno ya mtu.
Kilo iliyonukuliwa si kilo, ni habari za kilo,
ni umbea wa mizani,
na umbea huzidi wenyewe, hauzidishwi kwa bei.

Nikafuta alama, moja kushoto, moja kulia.
Kompaila ikalalamika tena, safari hii kwa upole:
huenda kitu kikapotea njiani.

Lakini ilishagonga saa saba.
Na Kiwia wa darasani kwetu alinipa dawa yake:
weka aina unayoitaka kwenye mabano, mbele ya namba,
lazimisha, itanyamaza.
Nikaweka.
Ikanyamaza.
Nikacheza peke yangu kati ya kitanda na ndoo ya maji.

Ndipo orodha ikajiandika:
Aikaruwa, 23.
Mzee Lyaruu, 41.
Ndeanasia, 17.

Kumi na saba.

Huyo ni bibi yangu. Siku ile tulikuwa wote Uru, kwenye mizani ya chama,
mimi nina miaka tisa, nimeshika pindo la kitenge chake.
Mshale ulipita kumi na saba, waziwazi,
ukaisogelea kumi na nane.
Karani akatamka, "Kumi na saba," kwa sauti ya kusoma somo kanisani,
akaandika.
Bibi hakusema neno njia nzima.
Tulipofika kihambani akachukua sufuria ndogo ya uji,
akaijaza kahawa kavu mpaka juu,
akaniwekea miguuni.
"Hii ndiyo aliyokula."

Ada yangu ilitoka kwenye kahawa hiyo.
Nami, kwa ada hiyo, usiku huu,
nimemwandika upya yule karani,
nikamwongezea kasi,
nikamwondolea usingizi.

Nikafuta mabano. Wekundu ukarudi, nikaukaribisha
kama shahidi niliyemkatiza kauli.
Hoja ya bibi haikuwa na kosa.
Kosa lilikuwa mlangoni,
kwenye mbinu yangu iliyodai namba kamili
kwa watu ambao mvua haijawahi kuwapa mavuno kamili.
Nikapanda hadi mstari wa tatu, nikabadili aina ya kilo:
ipokelewe na mkia wake.

Lugha hii walioibatiza waliichorea kikombe kinachofuka.
Sijui kama kuna aliyewaambia
kwamba kikombe huanza na mgongo ulioinama.

Ndeanasia, 17.8.
Mara elfu nne na mia tano:
elfu themanini na mia moja.
Nikaisoma kwa sauti, chumba kizima kikasikia,
yaani mimi na ndoo.

Nikaongeza mstari wa kumwandikia risiti,
jina lake lote, lisikatwe herufi.
Nyekundu tena.

Nimesahau nuktamkato.