Mfuniko Ulioinuka

Stoo ya chini ya nyumba yetu, hapa Kutaisi,
ina ngazi tisa na balbu moja inayosita.
Mama alipanga chupa zake humo miaka nenda rudi:
nyanya mbele, maharagwe nyuma yake,
biringanya pembeni, mbali na dirisha,
kila moja na karatasi yake, kwa penseli ya buluu:
tarehe, jina, mara nyingine na hali ya hewa.
"Mvua. Badri kachelewa na siki."

Tumezila taratibu tangu tulipomzika.
Hatukusema tunahesabu, lakini tulihesabu.
Krismasi zilibaki sita, Pasaka mbili,
na jana, niliposhuka kutafuta kitunguu,
moja.

Biringanya. Mafuta yametulia juu,
punje za saumu nyeupe, giligilani bado kijani.
Nikaifuta vumbi kwa aproni.
Kidole gumba kikapita juu ya mfuniko
kikapanda kilima.

Kilima kidogo, upana wa sarafu.
Nikakibonyeza, kikashuka: tk.
Nikaachia, kikarudi: tk,
kama vile ndani mna mtu anayejibu.

Badri alikwishakata mkate.
"Fungua uinuse," akasema.
Nikamwambia sumu hii haina harufu.
"Basi nionje mimi, ncha ya kijiko tu.
Ni mkono wa mama, Maguli. Mama atuue?"

Nikafungua kinywa, akatoka yeye,
na ukali wake ule wa jikoni:
Mfuniko ukiinuka, hakuna kuonja.
Hakuna ncha ya kijiko, hakuna ncha ya ulimi.
Aonjaye ili ajue, hujua amechelewa.

Alimuuguza Tsiala wa ng'ambo ya ua,
mwaka ule wa uyoga wa chupa.
Kwanza Tsiala aliona taa mbili penye moja,
kisha kope zikamlalia, kisha sauti ikaenda,
na akili timamu, inasikia kila kitu.

Nikaileta chupa chini ya balbu, nikasoma.
Oktoba, tarehe kumi na nne. Biringanya.
Na chini yake, herufi zikiteleza nje ya mstari:
"Chumvi. Saumu. Chumvi."
Chumvi mara mbili.
Siki hakuna.

Oktoba ile tulidhani amechoka.
Aliniita kwa jina la dada yake, nikacheka.
Aliacha jiko likiwaka, Badri akazima, akanyamaza.
Kumbe alikuwa ameshaandika,
akafunga, akakaza, akaiweka mbali na dirisha,
na sisi tukapita mbele yake miezi ishirini
tukitafuta nyanya.

Karatasi niliibandua.
Badri akaweka kijiko chini,
akaleta glovu na mifuko miwili.
Hatukuifungua. Fundo juu ya fundo,
hadi kwenye pipa, mbwa wa mtaa wasifike.
Rafu tukaiosha kwa klorini,
na mikono hadi viwiko, mara mbili,
kila mtu akitazama mikono yake.

Usiku maharagwe ya chakula cha jioni yalibaki.
Badri, ambaye sufuria zake hulala mezani mpaka asubuhi,
aliyatia kwenye bakuli yangali yanatoa mvuke kidogo,
akafungua friji, akasita, akarudi kutafuta penseli.
Tarehe. Maharagwe.
Akachungulia nje,
akaongeza: "Mvua."